Ukubwa, rangi, nafasi au picha: jicho la msomaji lianzie wapi?

Mezani kwangu zipo rasimu nne za bango moja. Maneno ni yale yale, karatasi ni A3 ile ile, mteja ni yule yule: kituo cha afya cha mtaani kinachotangaza siku ya kupima macho bila malipo. Kinachozitofautisha ni mahali jicho la msomaji linapoanzia. Rasimu ya kwanza inamwita kwa ukubwa wa maandishi, ya pili kwa rangi, ya tatu kwa nafasi tupu na mpangilio, ya nne kwa picha.

Nimeichukua kazi hii iwe mfano kwa makusudi, kwa kuwa walengwa wake ni watu wasioona vizuri. Kosa ambalo kwenye tangazo la saluni lingepita kimyakimya, hapa linamfanya mzee apite mbele ya ukuta bila kujua kwamba ameitwa. Nimesanifu matangazo kwa miaka mingi na sijaona jaribio la haki kuliko hili kwa kazi yetu.

Jambo tunalolinganisha mimi huliita zamu: nani aseme kwanza, nani afuate, nani asubiri. Ni kama kikaoni. Wakisema watu watano kwa pamoja, hakuna aliyesikika, hata kama kila mmoja alikuwa na la maana.

Zamu ya nani kwanza?

Kabla ya kufungua kompyuta huchukua karatasi nikaandika maswali ya msomaji kwa mfuatano atakaojiuliza. Linanihusu? Nitalipa kiasi gani? Ni lini? Ni wapi? Nije na nini? Majibu ndiyo zamu tano za bango: macho, bure, Jumamosi saa 2 asubuhi, jina la mahali, njoo na miwani yako kama unayo.

Mteja naye huja na mfuatano wake, na mara nyingi si huo. Huanza na nembo ya kituo, nembo za wafadhili, jina kamili la mradi, kaulimbiu, picha ya mgeni rasmi pamoja na cheo chake, halafu ndipo jambo lenyewe. Simlaumu. Huo ni mfuatano wa itifaki, na itifaki kwetu ina uzito: kumtaja mkubwa baada ya mdogo ni kukosa adabu, na aliyetoa fedha za vipimo anastahili kushukuriwa hadharani. Lakini itifaki hupanga vitu kwa hadhi, na jicho hupanga kwa haja. Ukizichanganya, unampa msomaji jibu la swali ambalo hakuuliza.

Mwaka mmoja nilizichanganya. Nilikubali picha ya mgeni rasmi ichukue nusu ya juu ya bango la afya, na neno "vipimo" likashuka chini ya tai yake. Nilipopita kuangalia mabango yalivyobandikwa, mama mmoja anayeuza matunda jirani na ukuta ule aliniuliza kama uchaguzi umekaribia. Hakuwa anatania. Alikuwa amelisoma bango kwa mfuatano niliompa mimi.

Tangu hapo huzigawa nyenzo. Heshima naipa mahali: juu kabisa, katikati, peke yake, ikiwa na hewa pande zote, hata kama maandishi yake ni madogo. Haja ya msomaji naipa ukubwa. Mteja akiona jina la mgeni rasmi limekaa juu ya vyote bila kubanwa, huridhika, na mpita njia naye huanzia kwenye neno kubwa lililo chini yake bila kujua kwamba ameruka kitu.

Rasimu ya kwanza: ukubwa

Kwenye chumba cha kupimia macho huning'inizwa chati ukutani: herufi kubwa juu, kisha mistari inayopungua hadi ule wa chini ambao wengi hukisia. Aliyeianzisha ni daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Haina rangi, haina picha, na ukubwa pekee ndio unaosema kipi kinatangulia. Chati hiyo inatupa pia kipimo cha kazi yetu. Mtu mwenye macho mazima husoma kwa umbali wa mita 6 herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Mwenye uoni wa 6/60, yaani anayelazimika kuwa mita 6 ili aone kile ambacho wengine hukiona wakiwa mita 60, anahitaji kimo cha karibu milimita 87 kwa umbali ule ule.

Niliiweka hesabu hiyo kwenye bango. A3 iliyosimama ina upana wa milimita 297. Ukitoa pambizo za milimita 15 kila upande zinabaki 267. Neno MACHO kwa maandishi ya aina ya Arial, yale mazito, likijaza upana huo, linapata kimo cha milimita 50 hivi, na mzee wa 6/60 atalisoma akiwa mita tatu na nusu kutoka ukutani. Umbali wa varanda, lakini unatosha kwa bango lililobandikwa panapopita waenda kwa miguu. Sasa chukua neno UCHUNGUZI, ambalo mteja alilitaka liwe la kwanza. Likijaza upana ule ule, kimo kinashuka hadi milimita 32, na mzee yule inabidi asogee hadi mita mbili na kidogo. Neno refu limempunguzia zaidi ya mita moja.

Hapa Kiswahili kina jambo lake ambalo miongozo ya kigeni haikuambii. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Tunawakaribisha" ni neno moja la herufi 15. Ukiliweka mbele, upana wote wa karatasi unakwenda kwenye salamu. Anayechagua ukubwa kuwa nyenzo yake kuu lazima kwanza atafute neno fupi linalobeba jambo: macho, bure, damu, chanjo, leo. Ukilikosa, ukubwa hautakusaidia. Nenda kwenye nyenzo nyingine.

Kuhusu "bure" nimebishana na wateja wengi. Wapo wanaoikwepa kwa sababu bure pia ni kitu kisicho na faida, wakataka "bila malipo" au "bila gharama yoyote". Wana hoja, na kwenye barua huandika kama wanavyotaka. Kwenye bango naitetea "bure" kwa nguvu zote: herufi nne, na anayeijua senti yake huitambua kabla hajamaliza kuisoma.

Kuna pia mkanganyiko mmoja ambao nadhani umeharibu mabango mengi kuliko uzembe. Mteja akisema "weka herufi kubwa", anamaanisha nini? Lugha yetu inatumia maneno hayo kwa mambo mawili, herufi kama A, B, CH, na maandishi yenye kimo kirefu. Mteja anataka kimo. Dizaina anasikia A, B, CH, anaandika sentensi nzima hivyo, na kwa kuwa herufi za namna hiyo hula upana mwingi, analazimika kupunguza kimo ili zienee. Mteja anapata kinyume cha alichoomba na wote wawili hawajui kwa nini. Siku hizi humuuliza mteja: "Unataka irefuke, au unataka iwe ya mwanzo wa jina?"

Ipi bora basi? Kwa neno moja fupi lisomwalo na macho dhaifu, MACHO kwa herufi kubwa zote ina faida: kila herufi ina kimo cha milimita 50, wakati "Macho" katika upana huo huo inapata M ya milimita 60 lakini a, c na o zinabaki 44. Kwa mistari mirefu hali hugeuka. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipounda alama za barabarani za Uingereza, zilizoanza kutumika rasmi mwaka 1965, majina ya miji waliyaandika kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, na hadi leo ndivyo yalivyo. Jina lenye herufi zinazopanda na kushuka lina umbo lake. Lililoandikwa kwa herufi kubwa zote ni mstatili mmoja kama jirani yake.

Na uzito wa herufi? Kuzikoleza ni ndugu mdogo wa ukubwa. Ndani ya aya hufanya kazi nzuri, mtu aliyeshika karatasi mkononi huona neno lililokolezwa mara moja. Kwa mita tano, tofauti ya herufi nzito na nyembamba za kimo kimoja hupotea. Usiupe uzito zamu ya kwanza. Upe ya tatu au ya nne.

Dosari ya rasimu ya kwanza ni kwamba ina tamaa. Nilipokwisha kukuza "macho", nikakuza "bure", kisha tarehe, kisha mahali, na ghafla vyote vikawa sawa tena. Tofauti ndogo za ukubwa hazisemi kitu. Kama kitu cha pili hakipungui hadi nusu ya cha kwanza au karibu na hapo, jicho halijui limfuate nani.

Rasimu ya pili: rangi

Hii ndiyo mteja aliyoipenda papo hapo. "Bure" nyekundu juu ya njano, kila kitu kingine cheusi. Na kwa kweli rangi ina haraka ambayo ukubwa hauna. Kitu kimoja chenye rangi tofauti kati ya vingi vinavyofanana hukurukia kabla hujaamua kukitazama. Mtafiti wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kinachotofautiana na wenzake kwenye orodha ndicho hukumbukwa zaidi. Anayesimama kituoni Dar es Salaam analijua hili bila kusomeshwa: daladala ikiwa bado mbali, mstari wa rangi ubavuni humwambia kama ni ya njia yake, na maandishi ya mbele huyasoma baadaye, ikikaribia. Rangi inachagua, maandishi yanathibitisha. Hiyo ni kazi ya rangi ikifanywa vizuri kabisa.

Lakini rangi ni mambo mawili, na wengi hulitazama moja. Kuna jina la rangi, nyekundu au kijani, na kuna mwanga wake, kwamba inang'aa au imefifia kiasi gani. Macho dhaifu hutegemea la pili. Kanuni za kimataifa za kurasa za wavuti, WCAG, hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli wake, na kudai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Nyeusi juu ya njano kali ni karibu 19.6 kwa 1. Nyeupe juu ya buluu kali ni 8.6. Nyekundu juu ya njano, ile aliyoipenda mteja, ni 3.7: inapita kwa maandishi makubwa, inashindwa kwa madogo. Nyekundu kali juu ya kijani iliyokolea kiasi, mchanganyiko unaoonekana kwenye matangazo mengi ya sikukuu, haifiki hata 1.3. Zinapigana kwa jina, lakini kwa mwanga ni karibu rangi moja. Wapo pia watu, hasa wanaume, waliozaliwa bila uwezo wa kutenganisha nyekundu na kijani. Kwao maandishi hayo hayapo kabisa.

Mwenye mtoto wa jicho huona kama anatazama kupitia kioo chenye ukungu. Tofauti hafifu za mwanga ndizo za kwanza kumpotea. Lenzi ya jicho la mzee nayo huwa na manjano kidogo na huzuia sehemu ya buluu, hivyo buluu iliyokolea na nyeusi humwia kitu kimoja. Rasimu ya pili ilikuwa na namba ya simu ya buluu iliyokolea ndani ya mstari mweusi. Niliifuta siku hiyo hiyo.

Kuna na jambo la steshenari. Mabango 50 ya rangi hutoka kiwandani, yanaisha, halafu mjumbe wa nyumba kumi au kijana wa msikitini analichukua moja na kutoa kopi za nyeusi na nyeupe. Hapo njano inakuwa nyeupe, nyekundu inakuwa kijivu, na zamu yote iliyotegemea rangi imekufa. Kabla sijakubali rasimu yoyote huitoa kopi kwenye mashine mbovu ya jirani. Rasimu ya kwanza ilitoka kama ilivyoingia. Ya pili ilitoka ikiwa haina wa kwanza.

Kwenye simu hali ni tofauti. Picha inayotumwa WhatsApp haitolewi kopi, inang'aa yenyewe, na inatazamwa kati ya picha nyingine nyingi. Huko rangi moja safi, inayofunika sehemu kubwa, hushinda ukubwa, kwa sababu kwenye skrini ya kiganja hakuna kilicho kikubwa.

Rasimu ya tatu: nafasi na mpangilio

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mteja ndiyo aliyoielewa mwisho. Karibu nusu ya karatasi haina kitu. "Mbona umeacha nafasi bure? Nimelipia karatasi nzima." Nilimwomba asimame mlangoni na kufinya macho hadi yawe karibu kufumba, kisha anitajie anachokiona kwenye kila rasimu. Kwa ile iliyojaa aliona kijivu. Kwa hii aliona vitu vitatu, juu, kati na chini, na akataja kila kimoja ni nini. Jaribio hilo halina gharama na ningependa kila mwenye kazi alifanye kabla ya kulipa.

Nafasi tupu hufanya kazi mbili: humtenga mmoja aonekane, na huwaunganisha wanaohusiana. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alilieleza la pili mwaka 1923 kwa vitone tu vilivyochorwa kwenye karatasi: vilivyokaribiana, jicho huvihesabu kuwa kundi moja, hata bila mstari wa kuvifunga. Kwa hiyo visanduku vinne vilivyojaa kwenye matangazo yetu mara nyingi ni ishara kwamba nafasi haikutumika. Kisanduku ni ukuta. Unaujenga pale ambapo umbali umeshindikana. Nikiviona vitatu kwenye kazi yangu huvifuta vyote, nasogeza vitu, kisha naangalia kama kipo hata kimoja kinachohitajika.

Mfano ninaoutumia kuwafundisha vijana ni saa. Sisi tunahesabu saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Namba peke yake haisemi lolote. Halafu dizaina anaikuza 2 hadi inajaza robo ya karatasi, na "asubuhi" analiweka kando kwa maandishi ya mchwa. Kwa bango la zahanati madhara ni madogo, hakuna anayepima macho usiku. Kwa tamasha au safari ya basi ni hasara. Mwingine anaandika 8:00, na msomaji anafika saa nane mchana. Vitu viwili vinavyotoa maana moja lazima vikae pamoja, kwa kimo kinacholingana. "Saa 2 asubuhi" ni kitu kimoja chenye maneno matatu.

Kutenganisha kinachohusiana kuna historia maarufu. Usiku wa tarehe 26 Februari 2017, kwenye sherehe za Oscar huko Los Angeles, watangazaji walikabidhiwa bahasha isiyo yao, na La La Land ikatajwa kuwa filamu bora badala ya Moonlight. Kadi waliyoishika ilikuwa ya mwigizaji bora wa kike. Jina la Emma Stone na la filamu yake yalikuwa makubwa katikati, na jina la tuzo yenyewe, ambalo ndilo lingewashtua kwamba kadi si yao, lilikuwa dogo kabisa chini. Kosa la bahasha lilikuwa la mtu. Lakini kadi ilinyimwa nafasi ya kulikamata.

Kuna swali la kati au kushoto. Mwaka 1928 Jan Tschichold, msanifu wa maandishi kutoka Ujerumani, alichapisha mjini Berlin kitabu kilichoupinga mtindo wa kuweka kila mstari katikati, akitaka maandishi yapangwe bila ulinganifu, kufuata maana yake. Miaka ya 1947 hadi 1949, akiwa kwenye kampuni ya vitabu ya Penguin huko Uingereza, aliruhusu na kutumia tena mpangilio wa katikati kwa vitabu vingi. Sioni kwamba alijikana. Kati inafaa maneno machache yenye hadhi: jina la kitabu, kadi ya harusi, jina la marehemu. Kushoto inafaa taarifa, kwa sababu mstari wa pili unaanzia pale pale ulipoanzia wa kwanza na jicho halitafuti. Bango langu lina yote mawili: juu, kwenye itifaki, ni kati; chini yake, kwenye taarifa, ni kushoto.

Mahali nako kunaweza kuzoeleka hadi pakahitaji msaada mdogo sana. Tazama kanga. Pindo linazunguka, mji uko ndani, na jina liko pale pale chini, likitanguliwa na ua au korosho inayojaza katikati. Maandishi yake ni madogo ukilinganisha na nguo nzima, lakini hakuna mwanamke wa pwani anayehangaika kuyatafuta. Anajua yanakokaa tangu utotoni. Kama tangazo lako hutoka kila wiki, la ibada, la ratiba ya mechi, la bei sokoni, mahali pasipobadilika ni nyenzo yenye nguvu kuliko rangi. Kama linatoka mara moja tu, msomaji hana mazoea ya kutegemea.

Rasimu ya nne: picha

Hapa nitapita haraka. Picha ya uso huonekana kabla ya neno, utake usitake, na huwezi kuipa zamu ya tatu kwa kuipunguza kidogo. Basi swali ni moja: je, picha hii inajibu swali la kwanza la msomaji? Bibi akivuliwa bandeji jichoni na kutazama mkono wake, hiyo inajibu. Daktari wa picha ya kununua, wa nchi nyingine, mikono kifuani, inajibu swali la nani? Kwa wasiojua kusoma picha ni lazima, sina mjadala. Hata chati za macho zina toleo lenye herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, mgonjwa anaonyesha kwa vidole imeelekea wapi bila kusoma chochote. Lakini kwa mwenye ukungu jichoni, picha yenye vivuli laini ni doa. Mchoro mweusi wa jicho moja, mistari minene, ulisomeka mbali kuliko picha ya bibi niliyoipenda.

Nimechagua ipi, na wewe uchague ipi

Kwa kazi yako, angalia kwanza msomaji atapoteza nini kabla tangazo halijamfikia, kisha egemea nyenzo isiyopotea. Kando ya barabara anapoteza muda, basi neno moja kubwa na nafasi, na usahau namba ya simu. Kwenye simu anapoteza ukubwa, na picha ndefu hukatwa juu na chini kabla hajaigusa. Basi rangi moja, na jambo kuu katikati. Kwenye kadi ya mwaliko hapotezi kitu, anaishika mkononi na kuirudia: nafasi na mpangilio wa kati vinatosha, na rangi nyingi zitaishusha hadhi. Kwenye karatasi itakayotolewa kopi, ukubwa na nafasi, hakuna zaidi.

Bango la macho ni ukubwa kwanza, nafasi pili. Rangi ni moja, njano chini ya maandishi meusi, ambayo ikifa kwenye kopi haiondoki na mtu. Picha ni ule mchoro wa jicho.

Nilishawishika kufanya jambo la kupendeza zaidi: kulipanga bango lote kama chati ya Snellen, MACHO juu, BURE chini yake, kisha siku, saa, mahali, kila mstari ukipungua. Kwa dakika chache niliona nimemaliza kazi. Kisha nikaona kwamba chati ile imeundwa ili mtu ashindwe mahali fulani, na daktari ajue ni wapi. Mzee wangu angeshindwa kwenye mstari wa siku.

Kwa hiyo nilianza upya kutoka chini. Mwenye 6/60 akiweka uso sentimita 40 kutoka kwenye karatasi anahitaji herufi za kimo cha karibu milimita 6. Kwa Arial hiyo ni saizi ya 24. Hiyo ndiyo saizi ndogo kuliko zote kwenye bango, wafadhili wakiwemo. Juu yake zipo mbili tu, ya tarehe na mahali, na ile ya "macho" na "bure". Kwa saizi hizo A3 haikubali zaidi ya maneno thelathini hivi, na kaulimbiu, jina kamili la mradi na cheo cha mgeni rasmi hayakuenea. Nilimwambia mteja wazi, na tukakubaliana yahamie kwenye gari la matangazo litakalozunguka mtaani Ijumaa jioni. Huko hakuna anayepotezewa nafasi, itifaki inatajwa yote kwa ukamilifu, na wanasikia hata wale ambao bango lolote, la saizi yoyote, lisingewafikia.